Nataka kuwa mhadhiri wa falsafa ya wakimbizi: nianzie wapi nikiwa Mafinga?

SWALI: Nafundisha Historia na Kiingereza sekondari hapa Mafinga. Nina shahada ya kwanza ya ualimu, GPA 3.9. Chuoni nilisoma kozi moja ya falsafa ya siasa, ikaniingia kweli. Kila baada ya muda tunasikia Wahabeshi wamekamatwa ndani ya lori kwenye barabara hii ya TANZAM, na wanafunzi wananiuliza kwa nini mtu afungwe kwa kupita tu. Sina jibu la maana. Nataka kulisomea jambo hili hadi uzamivu, niwe mhadhiri. Wenzangu wanasema kazi ya namna hiyo haipo, heri nisome sheria. Nianzie wapi? Na nikikwama, nitabaki na nini mkononi?

JIBU: Mwalimu, wenzako wamekuambia nusu ya ukweli. Tangazo linalosema "anatafutwa mhadhiri wa falsafa ya wakimbizi" usilisubiri kwenye tovuti ya Sekretarieti ya Ajira. Wanaoifanya kazi hiyo wapo, ila wanalipwa kwa majina mengine: wamo idara za sayansi ya siasa, falsafa, sheria, masomo ya maendeleo, na wengine wanafundisha kozi za maadili ambazo kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza analazimika kuzipita. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili kwa mpigo: swali la utafiti lililo jembamba kama sindano, na uwezo wa kufundisha ulio mpana kiasi kwamba mkuu wa idara akikosa mtu wa kufundisha utangulizi wa siasa au historia ya fikra, jina lako ndilo linamjia.

Tuanze na namba, maana ndizo zinazofunga milango mapema. Kwa utaratibu wa vyuo vyetu, Mkufunzi Msaidizi anahitaji GPA ya 3.8 kati ya 5 kwenye shahada ya kwanza, na Mhadhiri Msaidizi anahitaji hiyo pamoja na 4.0 kwenye uzamili. Wewe una 3.9, umepita mlango wa kwanza kwa upana wa kidole. Wa pili ndio unaowaumiza walimu wengi: mtu anasoma uzamili wa jioni huku ana vipindi vya kutwa nzima, mitihani ya moko ya kusahihisha na shamba la miti la kupalilia, anatoka na 3.7. Ana shahada, lakini ya kupandia ngazi haipo, na GPA haifutiki. Heri uchelewe mwaka mmoja, uombe ruhusa ya masomo, usome kwa utulivu. Kama umeajiriwa na serikali, ruhusa hiyo iwe kwa barua ya mwajiri kabla hujaondoka, la sivyo unahesabika mtoro kazini. Na kama utasoma nje, hakikisha kwanza kwamba chuo hicho kinatambuliwa, maana cheti utakachorudi nacho kitapitishwa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) kabla ya kukupa ajira.

Kuhusu sheria: si ushauri mbaya, ila inajibu swali jingine. Mwanasheria anauliza Tanzania iliahidi nini na kama imetimiza. Mwanafalsafa anauliza kama ahadi yenyewe ilitosha, na kwa nini itufunge sisi tuliozaliwa baada ya sahihi kuwekwa. Hata hivyo huwezi kuikimbia sheria. Nyaraka nne uzisome neno kwa neno: Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, Itifaki ya 1967, Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) wa 1969 na Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998. Ule wa 1951 ulihusu matukio ya kabla ya tarehe 1 Januari 1951, na ni Itifaki iliyouondolea kikomo hicho. Unamtambua mkimbizi kwa hofu ya kuteswa kwa sababu tano: mbari, dini, utaifa, kuwa katika kundi fulani la kijamii, au maoni ya kisiasa. Ule wa Afrika ukaongeza anayekimbia uvamizi, kukaliwa na dola ya nje, utawala wa kigeni, au matukio yanayovuruga vibaya amani ya umma hata katika sehemu tu ya nchi yake. Waombaji wengi kutoka kwetu huandika mapendekezo ya utafiti kwa tafsiri ya 1951 peke yake, kana kwamba wanaishi Geneva. Ilhali tafsiri ya Afrika ni mtaji wa kifalsafa: mwaka 1985 mwanazuoni Andrew Shacknove aliitumia kujenga hoja kwamba kiini cha ukimbizi ni kukatika kwa kifungo kati ya raia na dola inayopaswa kumlinda, na kwamba mateso ni njia moja tu ya kifungo hicho kukatika. Makala hiyo bado inajadiliwa.

Sasa kazi yenyewe. Wengi huanguka kwenye swali la utafiti, na swali lako lina mbegu nzuri, kwa hiyo nitakaa hapa.

Ukienda idarani leo, utashawishika kuandika "Changamoto za wahamiaji haramu mkoani Mbeya". Acha. Neno "changamoto" linakuita kwenye dodoso: utahoji watu 120, utaleta asilimia, na mwisho wake hakuna anayejua lipi ni haki. Neno "haramu" nalo limeshahukumu kabla kesi haijaanza. Kosa ni la kitendo cha kuingia bila kibali. Ukilibandika kwa mtu, umemnyima mpinzani wako nafasi ya kusema.

Jaribu la pili: "Tanzania ina wajibu gani kwa wahamiaji wanaopita?" Afadhali, maana sasa unauliza kuhusu wajibu. Bado ni pana kama bonde la Usangu. Wajibu wa kulisha? Wa kutibu? Wa kufungua njia? Kwa yupi, anayekimbia vita au anayefuata kazi Afrika Kusini?

Jaribu la tatu linatokana na kusoma wapinzani. Hoja maarufu ya kutetea mipaka, iliyowekwa vizuri na mwanafalsafa wa siasa Michael Walzer katika kitabu chake cha mwaka 1983, ni kwamba jamii ina haki ya kuamua nani awe mwanachama wake, kwa kuwa uanachama ndicho kitu cha kwanza tunachogawana. Sasa mwangalie kijana aliyekutwa chini ya turubai pale mzani wa Makambako. Hataki uanachama. Hataki shamba, kura wala kitambulisho cha NIDA. Anataka kufika Tunduma au Kasumulu, avuke. Kama haki ya kufunga mpaka inatokana na haki ya kuchagua wanachama, basi haki hiyo haimgusi asiyeomba kuwa mwanachama, na kumfunga kunahitaji sababu nyingine. Hapo una swali: *nchi inayopitwa tu inaweza kuhalalisha kwa hoja gani kumfunga mtu ambaye haombi kubaki?* Hilo linaandikika kwa maneno 8,000, na sehemu kubwa ya maandishi yaliyopo yanamjadili anayebisha hodi ili aingie akae, kwa hiyo wa kupita ana nafasi.

Lakini usisherehekee mapema, mpe mpinzani kiti kizuri. Atakuja na hoja tatu. Ya kwanza ni usalama: dola ina haki ya kujua nani yuko ndani yake, hata kwa siku mbili. Kweli, lakini hiyo inahalalisha kumwandikisha na kumpekua, bado haijafika kifungo. Ya pili ni kumlinda mwenyewe. Juni 2012 miili zaidi ya 40 ya wahamiaji kutoka Ethiopia ilikutwa imetupwa mkoani Dodoma baada ya watu hao kukosa hewa ndani ya lori. Mpinzani atasema: tukilegeza, wataongezeka watakaokufa hivyo. Wewe utauliza kama si katazo lenyewe lililowaingiza kwenye kontena badala ya basi. Usijibu haraka, maana hapa kuna suala la sababu, na falsafa haina mamlaka ya kubuni takwimu. Ya tatu ndiyo nzito: tukimwachia apite, tunamtwisha jirani, Malawi au Zambia, ambaye hakuulizwa. Ukiweza kuijibu hoja ya jirani, una makala. Ukishindwa, ukakiri kwamba inabomoa nusu ya dai lako, una makala nzuri zaidi.

Na usidhani lazima kila hoja itoke Ulaya. Chukua methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwanafalsafa Kant mwaka 1795 alimpa mgeni haki ya kuzuru bila kufanyiwa uadui, si haki ya kukaa. Watu huisikia methali yetu kama fukuzo la kistaarabu: siku zako zimeisha. Isome tena. Anayekabidhiwa jembe hafukuzwi. Ameingizwa kwenye kazi ya nyumba, na anayefanya kazi ya nyumba ana sauti jikoni. Iweke sasa mbele ya Sheria ya 1998, inayomtaka mkimbizi akae eneo lililotengwa na asitoke bila kibali. Katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, kuna watu waliokula siku ya tatu, ya mia tatu na ya elfu tatu bila jembe, kisha wanasemwa kuwa ni mzigo. Je, mwenyeji aliyelificha jembe ana haki ya kumlaumu mgeni kwa uvivu? Hapo una hoja yenye dai, misingi na mahali pa kushambuliwa. Tahadhari moja: methali si ushahidi wa "Waafrika wanaamini hivi". Ukiandika hivyo msahihishaji atakukata, na atakuwa sahihi. Itumie kama mlango wa hoja, kisha hoja isimame kwa miguu yake.

Nyanda za Juu Kusini zina mifano ambayo mwanafunzi wa Toronto hana. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Wapoland waliokimbia nchi yao waliwekwa Ifunda, unayopita ukienda Iringa mjini, na Kidugala, Njombe. Mgagao, Kilolo, palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe katika miaka ya 1970, watu ambao mkataba wa kawaida unapata taabu kuwaita wakimbizi kwa sababu wameshika bunduki. Nyerere alipokea Tuzo ya Nansen, ile ya Umoja wa Mataifa kwa wanaowatumikia wakimbizi, mwaka 1983 kwa namna nchi ilivyopokea watu. Na ukipanda basi Mbeya hadi Mpanda kupitia Tunduma na Sumbawanga, unafika jirani na Katumba na Mishamo, makazi ya Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972.

Hao Warundi ningekushauri uwafikirie sana. Pamoja na wenzao wa Ulyankulu, zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia wa tajnisi, yaani wa kuomba na kupewa, jambo ambalo nchi tajiri hazijathubutu kwa kundi la ukubwa huo kwa mkupuo. Lakini mpango wa awali uliwataka waondoke kwenye makazi wakatawanyike mikoa mingine, na vyeti vyao vikakaa bila kutolewa hadi 2014. Uraia unaokutaka kwanza uache shamba ulilofyeka, jirani na kaburi la baba yako, ni uraia kamili au ni mkataba wa kuhama? Raia wa kuzaliwa wa Mufindi hawekewi sharti hilo. Kwa upande wa pili, serikali ilikuwa na hofu ya kweli ya kuwa na eneo lenye kabila na historia ya taifa jingine ndani ya nchi. Pima zote mbili. Liisa Malkki aliandika kitabu cha anthropolojia mwaka 1995 kwa utafiti alioufanya Mishamo, na kitakuonyesha jinsi watu wa makazi walivyojielewa wenyewe, tofauti na wenzao waliojichanganya Kigoma mjini.

Namna ya kusoma: makala ya kurasa 25 isome mara tatu. Mara ya kwanza tafuta dai, uliandike kwa sentensi moja ya Kiswahili. Ukishindwa kuliandika kwa Kiswahili hujalielewa, umekariri Kiingereza chake. Mara ya pili andika misingi ya hoja kwa namba, 1 hadi 5 au 6, hadi uone dai linadondoka lenyewe. Mara ya tatu tafuta msingi upi haushiki ukiuleta Kasumulu au Kasulu. Anza na insha fupi ya mwanafikra Hannah Arendt ya 1943 kuhusu wakimbizi, kisha sura ya pili ya kitabu cha Walzer, kisha makala ya mwanafalsafa Joseph Carens ya 1987 inayotetea mipaka wazi kwa kulinganisha uraia wa nchi tajiri na haki za kuzaliwa za mabwana wa kale. Walzer na Carens wasome wiki moja, wagombane kichwani mwako. Maktaba si kisingizio: akaunti ya bure ya JSTOR, hazina ya majarida ya kitaaluma mtandaoni, inakupa kusoma makala hadi 100 kwa mwezi mtandaoni, na Stanford Encyclopedia of Philosophy, ensaiklopidia ya falsafa ya mtandaoni, ni bure kabisa. Bando lako ndilo gharama.

Uzamili uchukue wapi? Hapa nina msimamo, na wapo watakaonipinga. Kama ni lazima uchague kati ya programu ya "masomo ya wakimbizi" na programu ya falsafa au nadharia ya siasa, chukua ya pili, mambo ya wakimbizi yaweke kwenye tasnifu. Habari za kambi unaweza kuzikusanya baadaye, lakini ufundi wa hoja usipoupata darasani, ukikosolewa kila wiki, huupati barabarani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina idara ya falsafa na pia siasa. Nje, Chuo Kikuu cha Wits cha Johannesburg kina kituo cha masomo ya uhamiaji, Chuo cha Marekani cha Cairo nacho kinacho chake, na Oxford ina kituo cha masomo ya wakimbizi kilichoanza 1982, na uzamili wake ni wa miezi tisa. Kwa fedha, Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza kwa uzamili, inataka saa 2,800 za kazi baada ya shahada. Mwalimu wa miaka miwili kamili anazifikia. Kwa uzamivu, angalia Sweden, Norway na Uholanzi, ambako mara nyingi nafasi hutangazwa kama ajira yenye mshahara. Marekani vyuo vingi hufunga maombi kati ya Desemba na Januari, kwa hiyo ukianza kuandika Novemba umeshachelewa.

Maombi huangushwa na vitu vidogo. Barua ya mapendekezo kutoka kwa mhadhiri aliyekufundisha miaka mitano iliyopita, katika ukumbi wa watu 300, itasema "alikuwa mwanafunzi mzuri", na barua hiyo inakuzika. Mwandikie wiki sita kabla, mtumie insha yako mpya na kurasa mbili za mpango wako, apate cha kusema. Kwa msimamizi unayemtaka usitume ujumbe mmoja kwa maprofesa 40, wananusa. Mstari wa maana ni kama huu: "Unasema wajibu wa kumpokea mkimbizi unaanza anapofika mpakani. Nadhani hoja hiyo haimweki vizuri mtu anayepita nchi ya tatu bila kuomba hifadhi, na ningependa kuonyesha kwa nini." Maneno 150 yanatosha. Sampuli ya uandishi ndiyo inayosomwa kuliko chochote, na mara nyingi ni maneno 5,000 hadi 10,000. Iwe na hoja moja, isiwe muhtasari wa waliosema.

Kuhusu kwenda kambini au gerezani kuhoji: tasnifu ya falsafa inaweza kukamilika bila hilo. Mahojiano hayathibitishi lipi ni haki, yanakuonyesha tu swali lako limesahau nini. Ukiamua kwenda, barua ya chuo peke yake haitoshi. Kambi za wakimbizi ziko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi na kibali chake ni lazima, juu ya kibali cha maadili cha chuo chako. Hesabu miezi, si wiki, na usifunge safari ya Kasulu kabla karatasi hazijafika mkononi. Usirekodi majina, usipige picha za nyuso, usiahidi msaada wa kesi. Mtu aliye mahabusu akiona kalamu anadhani umetumwa kumtoa.

Machapisho yanakuja baadaye, ila jilinde sasa. Jarida linalokuandikia lenyewe kukusifu, linaloahidi kuchapa ndani ya siku saba na kutaka dola kabla ya wahakiki kusoma, ni la kitapeli, na makala iliyozikwa humo hutaihamishia kwingine. Uhakiki wa kweli huchukua miezi, na makala nyingi hukataliwa. Yale maoni ya kukataliwa ndiyo darasa lenyewe, yachape uyabandike ukutani.

Ukikwama utabaki na nini? Kwa uwazi: uzamili wa falsafa haukupeleki moja kwa moja UNHCR wala IOM, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya wakimbizi na ya uhamiaji. Huko wanapenda mwanasheria, mtu wa takwimu au aliyewahi kufanya kazi uwandani. Unaweza kuingia upande wa sera na utetezi katika asasi, kama una maandishi ya kuonyesha. Vinginevyo unarudi darasani, na mwalimu wa kidato cha tano na sita anayejua kuchambua hoja hakosi kazi. Hasara ni miaka miwili na fedha, kwa hiyo usiuze shamba kulipa ada. Subiri ufadhili, hata ukiomba mara tatu.

Likizo hii ya Juni andika maneno 3,000 ukiwajibu wale wanafunzi wako: kwa nini mtu afungwe kwa kupita tu? Hoja ya jirani uiweke katikati, usiifiche mwishoni. Kisha mtafute mtu mmoja anayeamini hao vijana wafungwe, awe afisa, awe mzee wa kanisa au mwenzako wa ofisini, umpe asome na kalamu nyekundu. Pale atakapopiga mstari mara mbili, ndipo sura yako ya kwanza ya tasnifu ianzie.